Nyumba ya mwanasesere na giza la Mwanza

Vita vya Kagera vina kumbukumbu zake, na nyingine ni nzito. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita hivyo, na kila Julai 25 taifa linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, aliyoitoa mbele ya wazee wa Dar es Salaam, inajulikana hata na vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto wakati ule. Ninachokitafuta mimi ni pazia. Nataka kujua dirisha la nyumba ya kawaida ya Kirumba, Igogo au Mirongo lilizibwaje usiku, wakati mji ulipotakiwa usionekane kutoka angani: lilizibwa kwa nguo gani, na mkono wa nani, na kulipokucha nguo ile ilikwenda wapi.

Hilo hatukulihifadhi. Naamini bado linapatikana, na njia ninayoipendekeza huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji. Tujenge nyumba ya mwanasesere, tuipe madirisha na mlango wa uwani, kisha tuishonee mapazia ya kuzuia mwanga kama ya mwaka 1978 na 1979.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba, na watu wakaanza kuuhama mji. Novemba 1 Idi Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni yake, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Mwanza haikuwa mstari wa mbele. Lakini reli inafika hapa tangu 1928, bandari kubwa ya upande wetu wa ziwa iko hapa, kambi ya ndege za kijeshi iko hapa, na maghala ya mafuta vilevile. Adui aliyetaka kuikata Tanzania mkono wake wa kaskazini magharibi angeitazama Mwanza kwanza.

Sensa ya Agosti 1978 iliukuta mji huu una watu laki moja na ushei. Wazee waliokuwamo wanasimulia mambo yanayofanana: mahandaki yaliyochimbwa uwani na kwenye viwanja vya shule, taa za magari zilizopakwa rangi ikabaki nafasi ndogo ya kupitisha mwanga, balozi wa nyumba kumi akipita gizani na kugonga mlango wa nyumba inayovujisha mwanga, mgambo nyuma yake.

Hofu yao haikuwa ya bure. Mwishoni mwa Machi 1979, majeshi yetu yakiwa njiani kwenda Kampala, Muammar Gaddafi wa Libya alimtaka Mwalimu ayaondoe Uganda ndani ya saa 24. Mwalimu hakutikisika. Machi 29 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ikaja kulenga maghala ya mafuta ya Mwanza, ikakosa. Makombora yakaangukia Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu 1964 kilikuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo. Swala sita wakafa, na ndege wa porini wengi. Tangu 2013 Saanane ni hifadhi ya taifa, na watu huvuka kwa boti kwenda kutazama pimbi na kupiga picha juu ya mawe. Nimezungumza na vijana waliozaliwa na kukulia Mwanza, wamekwenda kisiwani na shule zao, na hawajawahi kusikia kwamba kombora liliangukia pale.

Sasa nyumba. Niliyoichagua ni ile ambayo Mwanza nzima inaijua, nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati unaonyooka hadi uwani, vyumba vitatu kila upande, paa la bati. Ni nyumba ya wapangaji, na chumba kimoja kinaweza kuwa makazi ya familia nzima. Fundi seremala wa Mabatini alinikatia mbao laini kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita 12 za nyumba ya kweli ni sentimita 1 katika nyumba ya mwanasesere. Dirisha la sentimita 60 kwa 90 likawa 5 kwa 7 na nusu. Bati tulilipata Makoroboi, kwa mafundi wanaogeuza makopo matupu kuwa vyombo vya nyumbani, na mmoja wao akatengeneza pia kibatari kidogo kuliko kidole gumba, chenye kishikio na tundu la utambi. Aliifanya kazi ile kwa makini yaleyale anayofanyia beseni la kuuza.

Kitambaa ndicho kilichonisumbua, na ndicho nitakachokieleza zaidi. Nilichukua kaniki, kwa kuwa nguo hiyo nyeusi ilikuwa mwilini mwa bibi zetu wa Kisukuma tangu kabla ya vita, na mwanga haupenyi kirahisi. Lakini nyumba unaweza kuipunguza mara kumi na mbili, uzi wa pamba haupunguki. Kipande cha sentimita tano hakilali. Kinasimama mbele ya dirisha kama kadibodi. Dawa yake ni kuifua kaniki tena na tena mpaka wanga wa kiwandani uishe, kuichovya katika uji mwembamba sana wa unga wa ngano, kuifinyanga mikunjo kwa ncha za vidole ingali mbichi, kuibana kwa pini juu ya ubao na kuiacha ikauke kivulini. Ikikauka inashika mikunjo yake. Pindo halipigwi cherehani, kwa sababu mshono ni mnene mno kwa pazia la kimo kile. Linakunjwa mara moja na kubandikwa kwa gundi. Fimbo ya pazia ni kipande cha spoku ya baiskeli.

Kisha ukaja usiku wa kujaribu. Tuliweka balbu ndogo ya tochi katika kila chumba, tukazima umeme wa sebuleni, na binti wa kaka yangu, aliye darasa la sita, akapewa kazi ya balozi wa nyumba kumi: azunguke atafute mwanga unaovuja. Madirisha yalikuwa meusi kabisa. Akainama, akazunguka, akapanda juu ya kiti ili atazame kama rubani. "Shangazi, mwanga unatokea juu," akasema.

Alikuwa sahihi. Nyumba yetu haikuwa na dari, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za aina ile. Kati ya kichwa cha ukuta na bati kuna upenyo ulioachwa makusudi ili hewa ipite, na mwanga wote uliozuiwa na mapazia ulikuwa ukitokea hapo, mstari wa njano kuzunguka nyumba nzima. Aliye barabarani hauoni. Aliye angani anauona mzima.

Basi mwaka ule walifanyaje? Swali hili sijaliona katika kitabu chochote cha Vita vya Kagera nilichosoma, na mimi mwenyewe nisingeliwaza kama sikushona lile pazia. Nililipeleka kwa bibi mmoja wa Kirumba ambaye wakati wa vita alikuwa mama mwenye watoto wadogo. Hakuhitaji kufikiri. Alinieleza kwamba paa hawakujaribu kuliziba, wangeziba na nini? Walichokifanya ni kuushusha mwanga. Kibatari kilitoka mezani kikawekwa sakafuni, ndani ya debe lililokatwa upande mmoja, utambi umefupishwa hadi moto ubaki mdogo. Chakula kilipikwa mapema, jua lingali juu ya ziwa, maana Mwanza jua linazama saa moja kasoro na moto wa mkaa uwani unaonekana mbali. Makaa yaliyobaki yalifukiwa kwa jivu. Watoto walilishwa kabla ya magharibi na kulazwa. Na dirishani alitundika khanga mbili moja juu ya nyingine, kwa misumari minne, kila jioni. Hakuwa na pazia. Wenye umeme na madirisha ya vioo, alisema, ndio waliopata taabu zaidi. Wao walitundika mablanketi.

Sasa najua kwamba kaniki yangu iliyokunjwa vizuri ilifaa nyumba ya ofisa wa Isamilo kuliko chumba cha mpangaji wa Kirumba. Katika chumba kile kimoja cha nyumba ya mwanasesere zimetundikwa khanga mbili ndogo kwa vichwa vya pini, na debe lililokatwa upande liko sakafuni. Vyumba vingine vina kaniki, kimoja kina kipande cha blanketi. Tofauti hizo za kipato, ambazo hotuba za vita huzifunika kwa neno wananchi, zinaonekana zote mtoto akichungulia dirishani.

Bibi yule alinipa pia sababu ya pazia la vita kutopatikana popote. Uingereza, serikali iliamuru taa zizimwe kuanzia Septemba 1, 1939, siku mbili kabla ya kutangaza vita, na viwanda vikafuma vitambaa vyeusi kwa ajili ya madirisha tu. Vita vilipokwisha, vitambaa vile vilikuwa masalio ya vita, na vingine vikaishia makumbusho. Kwetu nguo ya dirishani ilikuwa khanga ya mtu kabla ya jioni na ilikuwa khanga ya mtu kulipokucha. Kisha vita vikaisha na Mwalimu akatutaka tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ile ilizidi, na miaka ya mwanzo ya themanini nguo ikawa bidhaa ya foleni. Mwanza, mji uliozungukwa na mashamba ya pamba na wenye kiwanda chake cha Mwatex, watu walitafuta hata sanda kwa shida. Nani angeweka khanga kabatini iwe kumbukumbu? Ilivaliwa, ikabebea mtoto, ikawa nepi, ikawa tambara, ikaisha.

Ndiyo maana natetea nyumba ya mwanasesere. Kitu chenyewe kimekwisha, na kilichobaki ni mikono inayokumbuka jinsi ya kukitundika. Jumba la makumbusho la V&A la London lina nyumba ya mwanasesere iitwayo Hopkinson. Ndani yake familia ya wakati wa Vita Kuu ya Pili imejiandaa kwa mashambulizi ya anga: kuna barakoa ndogo za kujikinga na gesi, vijitabu vya mgao wa chakula na tochi za kutembelea gizani. Nyumba hiyo ilitengenezwa miaka ya 1980 na 1990, muda mrefu baada ya vita. Aliyeitengeneza alikuwa akifanya kwa ajili ya mji wake kile ninachotaka sisi tufanye kwa ajili ya wetu, wakati wanaokumbuka bado wapo wa kusahihisha. Wala giza la vita si la London na Mwanza peke yao katika dunia tunayoijua: Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Waitaliano Oktoba 1940, na simulizi za nyumbani za pwani ile nazo zinangoja mtu wa kuzikusanya.

Kuna wanaosema vita si jambo la kuchezea na mtoto asifundishwe vita kwa mwanasesere. Nawaheshimu wenye hoja hiyo, lakini siikubali. Watoto wetu wanacheza vita tayari, kwa bunduki za mti na za plastiki, na hakuna anayewakataza. Katika mchezo wa bunduki kuna anayepiga na anayekufa. Katika nyumba hii kuna mama anayefupisha utambi, jirani anayegonga mlango kuwaambia wenzake kwamba mwanga unavuja, na watoto wanaolala mapema. Msichana wa darasa la sita aliyepanda kiti ili atazame kama rubani alielewa kwa dakika moja ni nini maana ya kutazamwa kutoka juu na mtu asiyekujua. Ningependa kila raia aelewe hivyo, tena akiwa mdogo.

Wapo pia wanaohofia kwamba tutafufua uhasama na Waganda. Hapa ukweli mzima ndio kinga. Siku chache baada ya Saanane, ndege zetu nazo zilipiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Kule nako kulikuwa na akina mama na watoto, na walikuwa wameishi karibu miaka minane chini ya Amin kabla mabomu hayajaanguka Bukoba mwaka 1978. Giza lilikuwa la pande zote za ziwa. Mwalimu wa Jinja akijenga nyumba yake ya mwanasesere, nitafurahi nyumba hizo mbili zikiwekwa meza moja.

Na kuna jambo moja la ziwa ambalo limenikaa akilini tangu nianze kazi hii. Nyumba unaweza kuizima. Ziwa Victoria haliwezekani. Mwezi ukiwa mpevu, maji yanang'aa na ufukwe wote unachoreka, na rubani hahitaji taa ya mtu yeyote kujua Mwanza iko wapi. Ukirudi nyuma katika kalenda ya mwezi utakuta kwamba Amin alipotangaza kuichukua ardhi yetu mwezi ulikuwa mwandamo, na juma la kombora la Saanane vilevile. Kwa hiyo nyakati zote mbili usiku wa Mwanza ulikuwa mweusi kwa kuumbwa kwake, na amri ya kuzima taa ikauongezea. Leo usiku wa namna hiyo ndio wavuvi wa dagaa wanautaka, na ukisimama Capri Point unaona taa zao zimetapakaa ziwani hadi mbali. Mtoto aliyezoea taa hizo anahitaji kusaidiwa kidogo ili aweze kuwaza ziwa lisilo na hata moja.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wetu. Shule za msingi za Nyamagana na Ilemela zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, zina mabaki ya mbao na maboksi, na zina wanafunzi wenye bibi na babu. Kila shule ijenge nyumba moja ya mtaa wake, na kila dirisha lifunikwe baada ya mzee wa mtaa huo kuulizwa alifunika lake kwa kitu gani. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, ambayo Padri David Clement aliyaanzisha mwaka 1968, yanahifadhi ngoma na vifaa vya nyumbani vya Wasukuma kwa uangalifu mkubwa, na nyumba ya mpangaji wa Kirumba ya mwaka 1979 ingepata mahali pake humo. Wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mwezi Juni, maelfu wanapokuja kutazama vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana, nyumba za shule zote zingewekwa hadharani. Na hifadhi ya Saanane iweke kibao kimoja kisiwani, kwa Kiswahili, kinachosema Machi 29, 1979 pale palitokea nini.

Haraka inahitajika. Mama aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa anakaribia 80, na wengi wameshatutangulia. Wewe msomaji uliyekuwa Mwanza, Bukoba au Musoma mwaka 1978, usingoje kuitwa na mtafiti. Mwite mjukuu leo jioni, mwonyeshe dirisha, mwambie ulitundika nini, ulikitundikaje na balozi wenu alikuwa nani, naye aandike katika daftari lake la shule pamoja na jina la mtaa.